Mtoto Aseme Lake: Sanaa kama Njia ya Watoto Kueleza Kero za Mazingira na Jamii katika Makanya, Wilayani Same

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna watoto wa shule za msingi wanavyoweza kufundishwa kutumia sanaa, hususani uchoraji, ngonjera na maigizo, kueleza mambo yanayowakera katika mazingira na jamii yao. Mahali panaporejelewa ni Makanya, kata iliyo katika wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, chini ya safu ya Milima ya Upare. Hoja inayojengwa ni kwamba kikwazo kikubwa cha ufundishaji huu hakitokani na uhaba wa rangi na karatasi, wala mtoto hakosi la kusema. Kikwazo ni kwamba mtoto huandaliwa la kusema. Husimama mbele ya mgeni rasmi siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, au siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, akakariri beti alizotungiwa na mwalimu wake, akapigiwa makofi, kisha akakaa. Aliyoyasema huenda ni kweli tupu. Ila hayakutoka kwake, na hakuna aliyemuuliza kama anakubaliana nayo.

Suala hili lina upande wa kisheria ambao watafiti wa sanaa hatuutaji vya kutosha. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu (Ibara ya 12) na haki ya kujieleza (Ibara ya 13). Ibara hii ya pili inaitaja sanaa waziwazi miongoni mwa njia za kujieleza, na inaongeza kwamba njia yoyote nyingine ni ile atakayoichagua mtoto mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inarudia haki ya maoni na kuunganisha nayo haki ya kusikilizwa. Neno "kusikilizwa" litarejelewa mwishoni mwa makala haya, kwa kuwa ndilo linaloleta shida zaidi katika utekelezaji.

2.0 Makanya na mambo yake

Makanya iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi, na reli ya Tanga, iliyojengwa enzi za Wajerumani, ina kituo hapo. Msafiri apitaye kwa basi huona uwanda mkavu, mashamba ya mkonge, vumbi na milima iliyosimama upande mmoja kama ukuta. Kilele cha Shengena, katika Upare Kusini, kina mwinuko wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na misitu yake hupata mvua nyingi kuliko uwanda ulio chini. Kwa sababu hiyo, mkulima wa Makanya hutazama mlimani kabla ya kutazama mawingu yaliyo juu ya shamba lake. Maji yanayoteremka ndiyo yanayompa mavuno. Mvua ya vuli na ya masika inayomwangukia yeye mwenyewe mara nyingi haitoshi.

Maji hayo hayashuki bila kupitia mikononi mwa watu. Huko juu na katikati ya miteremko kuna ndiva, yaani mabwawa madogo ya jadi ya Wapare, ambayo hukinga maji ya vijito wakati wa usiku na kufunguliwa mchana ili yaende mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo, iliyopo Bangalala, imetajwa mara nyingi katika tafiti za maji za bonde la Pangani. Wakati wa kiangazi, maji yakishagawiwa Vudee, Mwembe na Bangalala, mto unaoitwa Makanya huwa mchanga mtupu ufikapo Makanya yenyewe. Kinachofika ni mafuriko ya msimu wa mvua: maji mazito yenye tope, ambayo wakulima huyaelekeza mashambani kwa mifereji ili yaache unyevu na rutuba. Yakija kwa kiasi, mahindi hustawi. Yakizidi, huondoka na mahindi, tuta na kipande cha shamba. Mtoto wa Makanya anajua mambo haya mawili kwa pamoja, na ujuzi huo ni mgumu kuliko kaulimbiu yoyote ya "maji ni uhai".

Mbali na maji, kuna uchomaji wa mkaa, kuna machimbo ya jasi, na kuna mifugo inayopishana na mazao. Upande wa pili wa milima kuna Hifadhi ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, wakazi wake wakaondolewa mwaka 1988, nayo ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Kuna pia kumbukumbu ya maporomoko ya udongo ya Novemba 2009 katika kijiji cha Goha, wilayani humu, yaliyoua watu zaidi ya 20. Na kuna subira ndefu ya mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kusuasua. Mtoto aliyezaliwa mradi ulipoanza alikuwa tayari anasoma shule ya msingi kabla haujazinduliwa.

Itafaa kukumbuka kwamba Upare si mahali ambapo watu wamezoea kunyamaza. Kimambo (1971) ameeleza kwa kina vuguvugu la mbiru, pale ambapo mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kuupinga mfumo wa kodi ambao hawakuuelewa wala kushirikishwa kuuweka. Watoto wanaozungumziwa hapa ni vitukuu vya watu hao.

3.0 Ngonjera na jibu lililokwisha kupangwa

Sanaa ya jukwaani inayotumika zaidi katika shule zetu ni ngonjera. Umbo hili lilipata nguvu kupitia kazi za Mathias Mnyampala (1917–1969) na chama cha UKUTA, katika kipindi cha Azimio la Arusha, ambapo ushairi wa majibizano ulionekana kufaa kueneza siasa ya ujamaa. Lihamba (1985) amechunguza jinsi sanaa za maonyesho za wakati huo zilivyofungamana na siasa. Kinachotuhusu hapa ni muundo wa ngonjera yenyewe. Pande mbili hujibizana. Upande mmoja haujui au unakosea, upande wa pili unajua. Beti zinavyoendelea, anayekosea hupunguza ukali, na mwishowe hukubali. Wote huimba ubeti wa mwisho pamoja.

Muundo huu una mvuto wake. Mtoto hujifunza vina, mizani, pumzi na kusimama mbele za watu, na hayo si mambo madogo. Lakini tuutazame pale mada inapokuwa mkaa. Upande mmoja ni mchoma mkaa mjinga. Upande mwingine ni mwanafunzi mwerevu. Mchoma mkaa anaelezwa kwamba ukikata mti utaleta jangwa. Anashangaa, anatubu, anaahidi kupanda miti. Hakuna anayemuuliza kwa nini alianza kuchoma, wala gunia lake hununuliwa na nani, wala nishati gani inatumika katika nyumba ya mgeni rasmi. Swali la kweli limezibwa na umbo la kazi kabla mtoto hajafungua kinywa. Mwalimu anaweza kubadilisha maneno yote ya ngonjera hiyo na bado akabaki na matokeo yaleyale, maana mwisho wake umekwisha kuamuliwa.

Sipendekezi ngonjera iondolewe shuleni. Napendekeza ivunjwe mahali pamoja: zamu ya mwisho iachwe wazi. Pande ziwe tatu au nne badala ya mbili (mwenye shamba la juu, mwenye shamba la bondeni, mfugaji, na mtoto anayetumwa maji), na kila upande upewe hoja yenye nguvu ya kweli. Ikifika zamu ya kukubaliana, watoto wanyamaze na kuwageukia watazamaji. Kufanya hivi ni vigumu zaidi kuliko kuimba ubeti wa maafikiano, kwa sababu mwalimu hawezi kujua jibu litakalotoka. Mwalimu Nyerere, katika Elimu kwa Kujitegemea (1967), alitaja akili ya kuhoji miongoni mwa sifa ambazo shule inapaswa kumjengea mwanafunzi. Akili hiyo haiwezi kujengwa kwa maigizo ambayo kila swali lake linakuja na jibu lililokwisha kuandikwa.

4.0 Kilichofanyika Malya na katika TUSEME

Tanzania haihitaji kuagiza mbinu kutoka mbali. Mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Mlama (1991) ameeleza hatua zake: kuishi na kuchunguza, kuchambua matatizo pamoja na wenyeji, kutunga kwa kutumia sanaa ambazo tayari zipo mahali hapo, kuonyesha, na kisha kujadili. Hatua ya majadiliano haikuwa nyongeza ya adabu baada ya onyesho. Ndiyo iliyokuwa shabaha, na onyesho lilikuwa njia ya kuifikia. Mojawapo ya mambo yaliyoibuka ni mimba za wasichana, jambo ambalo wazazi na vijana walikuwa wakilisema kila mmoja kwa upande wake, bila kukutana.

Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wakaanzisha TUSEME, mradi wa wasichana wa shule za sekondari, ambao baadaye ulichukuliwa na FAWE na kuenezwa katika nchi nyingine za Afrika. Jina lake linatosha kueleza falsafa yake. Wasichana wenyewe hutambua tatizo, hulichambua, hulitungia onyesho, na klabu hubaki shuleni kufuatilia ahadi zilizotolewa. Kwa maoni yangu, klabu hiyo ndiyo sehemu iliyo rahisi kupuuzwa na wanaoiga mbinu hii. Onyesho huchukua saa moja. Kufuatilia huchukua mwaka mzima, na hakuna anayekuja kupiga picha za ufuatiliaji.

Malya ilihusu zaidi watu wazima na vijana, na TUSEME wasichana wa sekondari. Mtoto wa miaka tisa au kumi yuko mahali pengine kiakili. Hana mazoea ya kuchambua tatizo kwa maneno ya mkutano. Kwake yeye, mchoro hutangulia.

5.0 Mchoro: mtoto huchora anachokijua

Luquet (1927), katika uchunguzi wake wa michoro ya watoto, alionyesha kwamba mtoto mdogo huchora kile anachokijua kuhusu kitu kuliko kile ambacho jicho lake linakiona kwa wakati huo. Ndiyo maana huchora nyumba na watu wote waliomo ndani, kana kwamba ukuta ni kioo. Huchora viazi vikiwa chini ya ardhi. Mwalimu asiyejua jambo hili huandika "kosa" kwa wino mwekundu. Mwalimu anayelijua hupata hazina.

Tuchukulie kwamba darasa la nne limeombwa kuchora safari ya maji hadi nyumbani kwao. Mtoto mmoja anachora ndoo juu ya kichwa cha dada yake, kubwa kuliko dada mwenyewe. Mwingine anachora bomba lililofukiwa, na ndani ya bomba hakuna rangi. Wa tatu anachora mlima, ndiva, mtu amesimama juu ya ukingo wa ndiva, kisha mstari mrefu unaokatika kabla ya kufika kwenye nyumba. Hakuna hata mchoro mmoja kati ya hiyo ambao ungesifiwa kwa ustadi. Lakini ukubwa wa ndoo ni hoja. Bomba tupu ni ushahidi. Mstari uliokatika ni madai dhidi ya mtu aliyesimama ukingoni, na hapo mazungumzo yanaweza kuanza: mtu huyu ni nani, anafanya nini, naye anayapata wapi maji yake?

Kazi ya mwalimu ni kuuliza namna hiyo. "Nieleze mchoro wako" ni ombi bora kuliko "Hiki ni nini?", ambalo humwambia mtoto kwamba ameshindwa kueleweka. Na mtoto akisema "ndiva", neno hilo liandikwe hivyohivyo ubaoni, lisibadilishwe kuwa "bwawa". Wengi wa watoto hawa wanasikia Chasu nyumbani, na msamiati wa kugawana maji wanaoujua umo katika lugha hiyo. Kiswahili cha shule kitapata faida kikilipokea neno hilo kama lilivyo.

Adui mkubwa wa zoezi hili ni mazoea ya kunakili. Mwalimu anachora nyumba, mti na jua ubaoni. Darasa zima linazalisha nyumba, mti na jua. Mti huo, nimeona niseme, kwa kawaida ni mti wa kitabuni wenye kichwa cha mviringo, ambao mtoto hawezi kuukuta akiinua macho kutazama dirishani. Hatua ya kwanza ya kumfundisha mtoto kueleza kero za mazingira yake ni kumtoa nje achore mgunga ulio mbele yake.

Michoro ya darasa zima ikiunganishwa sakafuni, kuanzia mlimani hadi reli, hutokea ramani moja ya maji. Ramani hiyo ina upungufu unaofundisha: watoto wa bondeni huijua sehemu ya chini kwa undani, na sehemu ya juu huijaza kwa kubuni au kwa lawama. Hapo ndipo kubadilishana michoro na shule ya Bangalala au Vudee kunapokuwa na maana. Mtoto wa juu ataonyesha ndiva iliyojaa tope, zamu ambayo mama yake hupewa mara moja kwa siku kadhaa, na mteremko unaomomonyoka. Hatatokea kuwa mwizi wa maji aliyechorwa Makanya. Naye atauona, pengine kwa mara ya kwanza, mto wake ukiwa mchanga.

6.0 Gunia la mkaa

Hadi hapa maelezo yamekwenda kana kwamba kusema ni jambo salama. Si salama wakati wote, na mtafiti wa sanaa za watoto asipolikabili jambo hili anaweza kuwadhuru anaodai kuwatetea.

Mtoto wa Makanya akichora tanuri la mkaa porini, huenda anamchora baba yake. Magunia yaliyopangwa kando ya barabara kuu yakisubiri malori ndiyo yaliyonunua sare anayovaa na daftari analochorea. Mwalimu akiusifu mchoro huo na kuutundika ukutani siku ya wazazi, na ofisa wa misitu akiwa miongoni mwa wageni, sanaa imegeuka kuwa taarifa ya upelelezi. Mtoto hakukusudia hivyo. Vilevile, mtoto akiigiza mzee anayejipendelea katika zamu ya maji, kila mtu uwanjani atajua ni mzee yupi, hata kama jina halikutajwa. Vijiji havina siri za aina hiyo.

Fasihi simulizi yetu ilikwisha kulitafutia jambo hili dawa. Sungura na fisi walisema yale ambayo mjukuu asingethubutu kumwambia babu yake uso kwa uso, na babu alicheka, akaelewa, akanyamaza. Kinyago na kikaragosi hufanya kazi hiyohiyo: anayesema ni kinyago, na mtoto yuko nyuma yake. Kwa hiyo, mada inapogusa riziki ya nyumbani au mamlaka ya mtu anayejulikana, nashauri mwalimu aanze na wanyama, na aache watoto wenyewe waamue kama wanataka kuvua barakoa. Kanuni ya pili ni kwamba mchoro ni mali ya aliyeuchora. Asipotaka uonyeshwe, hauonyeshwi, hata kama ndio bora kuliko yote. Mtafiti anayetaka kuupiga picha kwa ajili ya tasnifu yake amwombe mtoto, kisha mzazi, na akubali kukataliwa na yeyote kati yao.

Kuna pia swali la namna ya kumchora baba huyo. Ngonjera ya mchoma mkaa mjinga humfundisha mtoto kumwonea aibu mzazi wake. Igizo lililotungwa kwa uchunguzi linaweza kumfuata mchoma mkaa tangu mvua za masika ziliposhindikana, shamba likakauka, na mnunuzi kutoka mjini akasimamisha lori. Msitu unabaki kuwa umekatwa, na igizo halidai vinginevyo. Ila sasa mnyororo wote uko jukwaani, na mlaji wa mwisho wa mkaa naye anatafutiwa mchezaji wa kumwigiza.

7.0 Vifaa

Kuhusu vifaa sina mengi. Jasi ni mwamba laini unaokwaruzwa kwa ukucha, na kipande chake huacha alama nyeupe juu ya ubao au jiwe jeusi. Kipande cha mkaa huchora juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Udongo mwekundu ukichanganywa na maji na utomvu huwa rangi, na unyuzi wa katani uliopondwa ncha huwa brashi. Watoto wasitumwe machimboni kuokota jasi, wala wasiisage kuwa vumbi. Vipande vichache vilivyoletwa na mtu mzima vinatosha. Edward Said Tingatinga mwenyewe alianza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kupaka nyumba na baiskeli. Mtoto anayemchora mchoma mkaa kwa mkaa anaweza kuulizwa anaonaje kuhusu jambo hilo. Pengine atacheka tu.

8.0 Nani anatazama, na nani anatoa alama

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo na somo la Jiografia na Mazingira. Kuwapo kwa masomo haya mawili ni hatua njema, na kutengana kwake ni tatizo dogo ambalo mwalimu makini anaweza kulivuka kwa kupanga kazi moja inayohudumia yote mawili. Tatizo kubwa zaidi ni upimaji. Unadhifu wa mistari na uteuzi wa rangi hupimika. Je, bomba tupu lipewe alama ngapi? Mwalimu akitoa alama kwa maudhui, watoto watajifunza haraka ni malalamiko gani yanayompendeza, na tutarudi kwenye ngonjera iliyotungwa na mwalimu, safari hii ikiwa imeandikwa kwa mkono wa mtoto. Kwa hiyo, mtihani upime ustadi, uchunguzi na uwezo wa kueleza kazi. Maoni yenyewe yasipewe alama.

Kuhusu hadhira, siku ya wazazi ndiyo jukwaa lililozoeleka, na pengine ndilo dhaifu kuliko yote, kwa kuwa kila aliyepo amekuja kufurahi. Kero ya maji ina wenyewe: kamati ya ndiva, serikali ya kijiji, jumuiya ya watumia maji, Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Sheria inaposema mtoto asikilizwe, inamaanisha na watu wenye uwezo wa kubadili jambo. Ramani ya maji iliyounganishwa sakafuni inaweza kukunjwa na kupelekwa kwenye mkutano wa kijiji, ikatandikwa kabla ya ajenda ya zamu, na mtoto mmoja au wawili wakaielezea kwa dakika kumi. Wajumbe wakiuliza swali, lijibiwe na watoto, mwalimu akiwa amekaa. Kisha katibu aandike katika muhtasari kilichosemwa na kilichojibiwa, na nakala ya muhtasari huo irudi darasani, ibandikwe mahali ambapo michoro ilikuwa imetundikwa.